Pale Mikoko Imerudi

Kisangani, Tshopo, tarehe 11 mwezi wa pili 1981

Yaya Feruzi, kaka yangu mukubwa,

Salamu zangu zishuke muto wote mupaka Kinshasa, zikukute wewe na Élise muko wazima. Sisi huku tuko, Mungu anatuchunga. Mama iko vizuri, ni goti tu. Likiuma anasema mvua inakuja. Mvua isipokuja anasema goti limedanganywa. Mutoto wangu Aziza anasema sana kama shangazi zake. Jumamosi tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tukang'oa majani kwenye njia ya barrage, ule ukuta wa kuzuia maji. Wakubwa wa Chama walipita na gari, wakatoa kichwa: "Courage, citoyennes!" Mama akawajibu, "Courage tunayo, majembe iko wapi?" Tulimuziba mudomo.

Bon. Sasa nifike kwenye neno.

Waziri amekuja. Unamujua, mudogo wa bwana yangu Nassoro, yule wa kucheka kwa pua. Ametoka Kasongo na shangazi wawili, wamefikia kwenye nyumba yao Lubunga, ng'ambo ya muto. Wanasema Nassoro amekufa. Angalia namna wanasema: hawana habari yake, basi amekufa. Wanataka kumufanyia matanga bila maiti. Kisha nivalishwe nguo nyeupe, nivushwe Lubunga, nikae eda ndani ya nyumba yao, miezi minne na siku kumi. Eda ikiisha, Waziri anirithi pamoja na mutoto. Shangazi mukubwa alisema mbele yangu, "Tutamutunza vizuri, nyumba yetu iko na mulango mumoja tu." Wakacheka wote. Ule mulango mumoja, Yaya, ninausikia mupaka leo.

Nassoro hajakufa. Alishuka na muto mwaka wa 78, mimi niko na mimba, sababu kazi huku ilikuwa imekauka. Barua yake ya mwisho ilitoka Banana, kule muto wetu unaingia baharini. Alisema wanakata miti inayosimama ndani ya maji, wanachoma makaa kwa watu wa Moanda na Boma. Kambi yao iko kwenye kisiwa cha matope, nyuma ya kijiji cha wavuvi, pale mukono wa muto unakunjika kama kiwiko. Alisema, "Nikipata ya kutosha ninarudi." Halafu kimya. Lakini kimya si kifo. Hata wewe ulinyamaza mwaka muzima ulipooa.

Wewe uliniambia biro yenu ya kazi inapata picha za dunia, mashini inapita juu ya mawingu inazipiga. Nakuomba, mutafute. Kama mashini inaona muti, itashindwa kuona mwanaume murefu kama Nassoro? Mama anasema umuangalie saa za kuswali, atakuwa amesimama peke yake, ni vyepesi.

Barua hii nimemupa Mama Pélagie, anashuka na bateau, meli ya muto, kuuza samaki wa moshi. Mupe jibu mukononi.

Mudogo wako,
Zaina


Kinshasa, tarehe 20 mwezi wa tatu 1981

Zaina mudogo wangu,

Barua imefika, na harufu ya samaki wa Mama Pélagie juu yake. Tulifurahi kabla ya kuifungua. Élise anakusalimu, tumbo lake linaendelea vizuri, daktari anasema mwezi wa saba. Mwambie Mama goti lake ni la kuheshimiwa kuliko redio ya hapa, yenyewe haijui hata mvua ya jana.

Sasa nikuambie ukweli wa kazi yangu, usije ukanifanya mulozi. Mashini ile ya angani, satelite, haioni mutu. Haioni hata nyumba. Picha yake imeshonwa kwa nukta, na nukta moja ni karibu ukubwa wa kiwanja cha mupira. Nassoro awe murefu namna gani, hajazi kiwanja.

Lakini inaona misitu. Miti ile ya ndani ya maji ya chumvi, Wazungu wanaiita mangrove, Waswahili wa pwani ya mashariki wanaiita mikoko. Sisi tunaangalia kama inapungua. Ninaweka picha ya mwaka mumoja juu ya meza ya kioo yenye taa chini, ninachora mipaka ya msitu kwenye karatasi ya kupenya mwanga, halafu ninaweka picha ya mwaka mwingine chini ya karatasi ileile. Palipobadilika panajionyesha.

Rangi zake si rangi zetu. Mashini inaona mwanga ambao jicho halioni, na majani yenye uhai yanatoka mekundu. Usiogope basi: nyekundu si damu wala moto, nyekundu ni majani hai. Maji ni meusi. Palipokatwa panakuwa peupe, kama kidonda kilichopoteza ngozi.

Ninakutumia nakala ya picha ya mwezi wa saba 78. Nimetafuta kiwiko cha muto alichosema Nassoro. Kipo. Nyuma yake kuna kidonda cheupe ndani ya nyekundu, nimekizungushia kalamu. Siwezi kuapa ni kambi yake, lakini hakuna kingine pale.

Picha mupya tumeomba Amerika. Pwani ile mawingu hayaondoki, mwaka unapita bila picha moja safi. Tungoje. Na ujue kanuni yetu: picha peke yake haitoshi, hatuandiki neno mupaka mutu ameenda kukanyaga pale mahali.

Usivuke Lubunga. Waambie kaka yako anatafuta.

Feruzi


Kisangani, tarehe 28 mwezi wa ine 1981

Yaya,

Umeniponya. Salamu kwa Élise, na kwa yule wa tumboni. Mama alianguka kwenye ngazi ya muskiti, si sana, alianguka juu ya viatu vya watu. Anasema Mungu alimutandikia. Huku mihogo imepanda bei, mvua ni nyingi, muto wa Tshopo unavuma tunausikia mupaka nyumbani.

Picha niliiangalia mupaka macho yakatoka machozi. Kwanza sikuelewa kitu, ni kama kitambaa cha kikoi kilichomwagikiwa wino. Halafu nikaona kiwiko, na kidonda chako. Niliweka kidole. Nikamuambia Aziza, "Papa iko hapa." Akalamba ile picha kabla sijamukamata. Tangu siku ile kila akiona kitu chekundu, nyanya, pilipili, kanga ya jirani, anasema, "Papa!" Pale sokoni mwanaume mumoja mwenye kofia nyekundu aliitika.

Waziri alikuja na shangazi. Nikamuonyesha. Akaigeuza juu chini. "Hii ni nini, shemeji? Ini la ng'ombe?"

Nikamuambia, "Ni kule kaka yako anafanya kazi. Alikata hapa."

"Na yeye mwenyewe iko wapi hapa ndani?"

"Mutu haonekani. Ni kazi yake inaonekana."

Akacheka kwa ile pua. "Basi tukuoze kwa hiyo kazi yake."

Lakini Mwalimu wa muskiti alikuwa pale, akawaambia: mutu anayetafutwa hafanyiwi matanga haraka, mungoje picha mupya. Wamekubali mupaka Idi. Baada ya Idi, picha iwe imekuja au haikuja, wanapika chakula cha matanga.

Donc, Yaya, nakushika miguu. Fukuza yale mawingu. Ninajua huwezi, lakini fukuza.

Zaina


Kinshasa, tarehe 3 mwezi wa sita 1981

Zaina,

Tuko wazima. Élise amevimba miguu. Huku baridi ya kiangazi imeanza, asubuhi watu wanavaa makoti kama Wazungu. Jirani yetu amenunua mbuzi, anafunga kamba kwenye mulango wetu, tunagombana naye kila siku.

Picha mupya imekuja. Ni ya mwaka jana, 80. Mawingu yamefunika upande wa bahari, lakini kiwiko kiko safi. Ninakutumia nakala yake. Utaona kidonda kimeanza kuwa chekundu. Msitu unarudi.

Nitaenda kukanyaga pale. Nimeomba kwa mukubwa wangu, ametia sahihi. Tusiseme mengi mupaka nimefika.

Kula vizuri. Usibishane na Waziri.

Feruzi


Kisangani, tarehe 29 mwezi wa sita 1981

Yaya Feruzi,

Ninaandika haraka, Mama Pélagie amefunga mizigo. Wote wazima. Miguu ya Élise, mwambie ainyanyue juu ya kiti akilala muchana.

Nyekundu! Yaya, nyekundu imerudi palepale! Wewe ulisema mwenyewe, nyekundu ni uhai. Nilipofungua bahasha nilipiga vigelegele, majirani wakafikiri Élise amezaa. Mama alisujudu bila kukumbuka goti, halafu tulikuwa wawili kumuinua.

Niliwaita wote uwanjani: Waziri, shangazi wawili, Mwalimu. Nikaweka picha mbili juu ya mukeka, hii ya kwanza na hii ya pili. Nikasema, "Angalieni. Mahali pake palikuwa peupe, sasa pamekuwa pekundu. Pana uhai. Nassoro yuko hai."

Shangazi mukubwa akasema, "Ni rangi tu, binti yangu."

"Kila rangi iko na maana yake. Kaka yangu amesoma."

Waziri akasema, "Kaka yako amesoma, lakini hakuandika kwamba Nassoro iko hai. Soma barua yake. Soma tusikie."

Nikasoma. Barua ilikuwa fupi, ikaisha kabla watu hawajakaa vizuri. Mwalimu aliinama juu ya picha muda murefu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Zaina, bwana yako alienda kule kufanya nini?"

"Kukata miti, Mwalimu."

"Na miti imeota tena?"

"Ndiyo, Mwalimu, si unaona!"

Akaniangalia. Alikunja picha vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili, namna watu wanatoa pole.

Tangu siku ile nimeuliza kichwa changu: kwa nini mikono miwili? Na wewe, kwa nini mbuzi wa jirani alipata mustari murefu kuliko Nassoro? Yaya, wewe hukuwa mutu wa barua fupi. Kama kuna kitu, niambie. Hapana, usiniambie. Nenda kwanza. Labda miti ile inaota haraka kuliko wanavyokata, huku kwetu majani ya salongo yanafanya vile.

Ramadhani inaanza wiki hii. Nitamuombea kila magharibi.

Zaina


Banana, tarehe 19 mwezi wa saba 1981

Zaina mudogo wangu, damu ya mama yangu,

Nikuombe kwanza ukae chini, Mama awe karibu. Kabla ya yote: Élise amezaa mutoto wa kike, nimepata habari kwa simu ya posta ya Moanda. Wote wawili ni wazima. Nilitaka uwe na neno moja zuri mukononi kabla ya haya mengine.

Nilipoiona picha mupya nilielewa siku ileile. Msitu hauoti mbele ya shoka. Kidonda kikiwa chekundu, maana yake wakataji hawapo tena. Sikuweza kuandika. Nikajiambia labda wamehama, labda wamevuka kwenda Angola. Nikakutumia nyekundu peke yake, nikakuacha uisome.

Jana nilienda na mutumbwi wa wavuvi. Maji yalikuwa yamejaa, tuliingia kwenye kiwiko, tukafika kisiwani. Mikoko michanga imesimama mupaka kifuani kwangu, imejaa, huwezi kupita bila kuikunja. Mizizi yake ya vidole inashika matope. Chini yake kuna visiki, vimelainika, ukikanyaga vinazama. Tanuri za makaa zimebomoka, kaa wamechimba ndani. Hakuna kibanda, hakuna sufuria, hakuna chochote cha mutu.

Pale kijijini kuna mumoja aliyekuwa kwenye ile kambi, anaitwa Léon, mutu wa Boma, sasa anavua samaki. Nilimutajia Nassoro wa Kisangani. Akaacha nyavu. Akasema, "Yule murefu? Aliyetuamusha na adhana yake hata sisi Wakatoliki?"

Nikasema, "Ndiye. Ni shemeji yangu."

Léon akakaa kwenye muchanga. Aliniambia hivi. Mwaka wa 78, mwezi wa kumi na mbili, siku chache kabla ya Noeli, walijaza mutumbwi mukubwa magunia ya makaa kwenda kuuza Moanda. Walikuwa wanne. Maji ya muto yalikuwa mengi, yalikuwa yanasukuma bahari, na bahari ilikuwa inasukuma. Mutumbwi uligeuka mdomoni pa muto, watu wakiwa wanaangalia kutoka ufukweni. Mumoja aliogelea. Watatu hawakuonekana. Nassoro alikuwa nyuma, anashika kasia. Wavuvi walitafuta kwa wiki. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kulala tena kwenye kile kisiwa, kambi ikafa.

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyeandika. Akasema, "Kwa nani, citoyen? Sisi tulimujua Nassoro. Kisangani ni kubwa."

Nikatafuta makosa kwenye maneno yake, Mungu anajua. Nilikuwa nimebeba kipande cha picha ya mwezi wa pili 79, nusu yake mawingu, kule biro tuliitupa kando. Nimeifungua hapa. Kidonda hakikukua hata nukta moja tangu 78. Picha inasema kama Léon.

Pole, Zaina. Sina neno lingine la kuandika. Ninaitoa barua hii kwa ndege ya Moanda, ikuwahi kabla ya Idi.

Feruzi


Kisangani, tarehe 30 mwezi wa saba 1981

Yaya,

Hakuna kitu kutoka kwako. Idi ni kesho kutwa au siku inayofuata, kama mwezi utaonekana. Shangazi wamenunua muchele na nguo nyeupe, wameileta hapa kwangu niione. Ilikuwa imepigwa pasi.

Nimeuza mashini yangu ya kushona. Mama hajui. Bateau inaondoka wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, nitapanda na Aziza, nitafika Kinshasa, halafu nitafika Banana. Nitamutafuta mwenyewe. Mutu mumoja lazima amemuona. Murefu vile hapotei.

Kama umeenda, kama umeona, andika hata mustari mumoja. Nitakuwa nimesimama kwenye posta kila siku.

Zaina


Kisangani, tarehe 14 mwezi wa nane 1981

Yaya Feruzi,

Salamu kwa mama ya mutoto. Mama anauliza mutoto muchanga anaitwa nani. Sisi tuko.

Barua yako ya Banana ilifika siku ya matanga yenyewe. Ndege ilichelewa, hakuna mafuta, wanasema. Nilikuwa sijapanda bateau, shangazi walimuchukua Aziza usiku wa Idi "acheze na wenzake" Lubunga, nitaondokaje? Uwanja ulikuwa umejaa watu, sufuria ziko juu ya moto, nguo nyeupe iko juu ya mukeka inaningoja. Aziza wamemuleta na gauni mupya. Kijana wa posta akapita katikati ya watu. Niliujua mwandiko wako. Sikuweza kufungua. Nilimupa Mwalimu.

Alisoma kimya kwanza. Halafu akaanza kusoma kwa sauti, polepole, hakuruka neno. Alipofika kwenye mutumbwi, nilisikia mutu analia kwa nguvu, nikamutafuta kwa macho ni nani. Ilikuwa ni mimi. Waziri pia alilia, Yaya. Alikuwa kaka yake. Niandike na hiyo, ni haki yake.

Shangazi mukubwa akachukua nguo nyeupe, akanifunika mabega. "Twende, binti yangu. Mutumbwi unangoja." Alikuwa ameshika mukono wa Aziza.

Mwalimu akasema, "Ngojeni." Akarudi kwenye barua yako. Akauliza watu wote, "Mwezi wa kumi na mbili, 78. Muna shaka na tarehe hii? Shahidi ni mutu aliyeona kwa macho, na picha inamushuhudia."

Waziri akasema, "Hakuna shaka. Basi aingie eda."

"Haingii. Eda inahesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama mwanamuke hakupata habari. Hii imeisha mwaka wa 79. Zaina hana eda, hana sababu ya kuvuka Lubunga, na hakuna mutu wa kumurithi bila yeye kutaka. Mutoto bado mudogo, atakaa na mama yake."

Waziri alisimama. "Mwalimu! Maiti hatuna, kaburi hatuna, na eda nayo imeisha? Alikaa eda gani huyu? Tulimuona akiuza, akicheka!"

"Ilipita," Mwalimu akasema. "Sheria haikumungoja."

Watu wakaanza kunong'ona. Shangazi akaachia mukono wa Aziza polepole, akaja kuniondolea nguo nyeupe mabegani. Na mimi, Yaya, nikaishika. Yeye anavuta, mimi ninavuta. Kila mutu akaniangalia. Miezi sita ninaikimbia ile nguo, na sasa ninaing'ang'ania! Mama akanifungua vidole, kimoja kimoja. Akasema, "Umepona, mutoto wangu. Iache."

Wamerudi Lubunga. Aziza analala hapa nyuma yangu. Kweli nimepona, wewe na picha zako mumeniponya, sikatai. Na ulijua tangu mwezi wa sita, hiyo pia sikatai. Hatutaizungumza kwa barua. Siku tukionana.

Lakini kuna kitu kimoja nilimuuliza Mwalimu jioni, watu walipoenda. Nilisema, Mwalimu, siku zangu za kumulilia Nassoro ziko wapi? Akasema zilipita. Alisema kwa huruma, lakini alisema hivyo.

Nimekaa nikihesabu nyuma. Siku chache baada ya Noeli ya 78, Aziza alitoa jino la kwanza. Mwezi wa pili Yaya Berthe, jirani yetu, aliozesha binti yake, nilicheza mupaka asubuhi, walinipaka hina mikono yote miwili mupaka kwenye kiwiko, nikajipulizia mafuta ya waridi. Nilisema ninajizoeza, Nassoro akirudi anikute muzuri. Nilikuwa mujane, Yaya. Nilikuwa mujane mwenye hina, ninacheka katikati ya uwanja, na hakuna hata mutu mumoja duniani aliyeniambia nikae chini.

Zaina